Mume wa Lamduan Hana Mke

Kila mwaka, mvua za kwanza zikishanyesha na mashamba ya mpunga yakianza kushika maji, Lamduan hufunga kibanda chake cha kuku wa kuchoma siku nzima, huvaa blauzi yake ya bluu, na humpandisha mumewe basi la asubuhi kwenda mkoani kumwombea ruhusa ya kulala kwenye kitanda chake mwenyewe. Ndivyo anavyosema yeye, na akisema hivyo huwa hacheki.

Mumewe ni Mfini, jina lake Veikko. Hapa kijijini kwetu Non Kham hakukuwa na ulimi uliolimudu jina hilo, basi likakatwa huku na huku likabaki Wek, Mzee Wek, na siku hizi ukimwita Veikko hageuki. Kwao alikuwa fundi wa lifti. Mama yake Lamduan, Bi Thongbai, aliicheka kazi hiyo mpaka siku zake za mwisho. "Mkwe wangu ni fundi wa lifti," aliwaambia wageni, "na nyumba ya ghorofa hapa kijijini ni banda la kuku wangu." Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Bi Thongbai hakuingoja hiyo ya tatu. Jioni ile ile Wek alipofika alitupiwa pampu ya maji iliyokufa, akaifufua, na tangu hapo hakuna pampu katika mashamba yetu ambayo hajaipasua tumbo akaishona.

Sasa Uhamiaji hawana haja na habari za pampu. Wanataka hati ya ndoa iliyotolewa upya, ramani ya njia ya kufika nyumbani iliyochorwa kwa mkono, na picha: mume na mke mbele ya nyumba, namba ya nyumba ionekane, mume na mke sebuleni, mume na mke chumbani. Ile ya chumbani ndiyo iliyomtesa Lamduan mwaka wa kwanza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, magoti yamebanana kama yuko kwa daktari wa meno, na Wek pembeni yake amenyooka kama mlingoti. Bi Thongbai aliyepiga picha alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Wakiiona hii watadhani mmeoana leo asubuhi, kwa nguvu," alisema.

Ipo njia ya wastaafu, lakini inataka akiba ya benki ambayo wao hawakuwa nayo. Yao ni njia ya ndoa, na njia ya ndoa ina macho mengi. Ukishapeleka maombi unagongewa muhuri wa kusubiri, na katika kusubiri huko maafande wanaweza kuja nyumbani wakati wowote kuona kama kweli mnaishi pamoja au mmeoana kwenye karatasi tu. Lamduan ameyazoea. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Ana mfuko mmoja wa plastiki wa karatasi za Wek, unaning'inia jikoni jirani na kikapu cha wali, na panya wakivamia jiko, wa kwanza kuokolewa ni mfuko.

Mwaka huu wakiwa katika kusubiri huko, Bi Thongbai akafariki.

Alikufa vizuri. Alikula papai bichi la kutwanga na samaki wa kuvundikwa, akalalamika kwamba pilipili hazitoshi, akalala, asubuhi hakuamka. Miaka yake ilikuwa zaidi ya tisini na hakuna aliyesema ameondoka mapema. Lakini palikuwa na jambo moja. Huku kwetu mtu akienda kuchomwa, mwanamume wa damu yake hunyolewa, huvaa joho la manjano, na hutangulia mbele ya jeneza akiushika uzi mweupe uliofungwa kwenye jeneza, ili marehemu ashike pindo la lile joho apande nalo mbinguni. Lamduan ni mtoto pekee, na yeye na Wek hawakujaliwa mtoto. Hapakuwa na kaka wala mjukuu.

Palikuwa na fundi wa lifti.

Bi Thongbai mwenyewe alikuwa ameshamwomba, siku moja wakichambua mchele. "Wek, mimi sina mtoto wa kiume. Utanipandisha?" Wek aliendelea kuchambua kwa muda, kwa sababu Mfini hajibu swali mpaka alizungushe kwanza kichwani. Halafu akasema, "Nitakupandisha, Mama. Ndiyo kazi yangu." Bikizee akacheka, akampiga kwa ungo.

Kwa kawaida joho hilo huvaliwa asubuhi na kuvuliwa jioni, moto ukishapoa. Wek alipopiga magoti mbele ya mkuu wa hekalu akasema atakaa nalo mpaka Jumapili, siku ya saba, sadaka ya marehemu itakapotolewa. Hakuna aliyemwomba. Watu walipeana macho, wakafurahi. Walimnyoa kichwa wakamnyoa na nyusi, na bila nyusi alifanana na yai la bata. Kwa kuwa alishika kanuni chache tu za utawa, zile za wanaoanza, cheo chake kilikuwa mtawa mchanga. Mtawa mchanga mwenye miaka sitini na sita.

Jumatatu akachomwa mama. Jumatano, Lamduan akiwa anaosha masufuria ya msiba, simu ikalia.

"Mama Lamduan? Kapteni Wirot hapa, Uhamiaji. Kesho mchana tunakuja kwako, ukaguzi wa nyumbani. Mume awepo, na shahidi awepo."

"Afande, tuna msiba."

"Pole sana, Mama. Lakini faili la mumeo linapanda makao makuu Ijumaa. Likipanda bila ukaguzi, litarudi limekataliwa. Unajua mwenyewe."

Alijua. Ruhusa ikikataliwa, mtu hupewa juma moja afungashe. Na Wek angefungasha aende wapi? Ufini alikuwa na kaka mmoja waliyekuwa wakipeana salamu za mwaka mpya. Lamduan aliyaacha masufuria na povu lake akaenda hekaluni mbiombio.

Alimkuta Wek uani anafagia majani, joho limemkaa upande. Mkuu wa hekalu, mzee mnene mwenye macho ya kusinzia, alikuwa ameketi kwenye benchi anakunywa chai.

"Mzee—" Lamduan akaanza, akajikamata. Mtu aliyevaa joho haitwi hivyo na mkewe; maadamu amelivaa, hahesabiwi kuwa na mke. Akapiga magoti, akakunja viganja. "Mtawa, naomba kusema."

"Sema."

"Kesho Uhamiaji wanakuja nyumbani."

Wek akasimamisha ufagio. Akawaza. "Mimi ninatoka Jumapili."

"Jumapili itakuta faili limeshakwenda na wewe unahesabiwa siku za kufungasha! Hivi unanielewa au huelewi, kichwa maji we—" Viganja vikarudi kifuani upesi. "Naomba radhi, Mtawa."

"Endelea tu, binti," mkuu wa hekalu akasema kutoka kwenye benchi. "Ila ukimwita kichwa maji, inama kidogo."

Miaka kumi na tisa Lamduan alikuwa amegombana na mume huyu kwa raha zake, jikoni, shambani, ndani ya basi, na sauti yake inasikika mpaka kwa wauza mbolea. Leo ndipo alipohitaji ugomvi kuliko siku zote, na ilimbidi agombane akiwa amepiga magoti na mikono imekunjwa.

"Baba Mkuu, anaweza kuvua leo?"

"Anaweza. Joho si kufuli. Aseme maneno mawili matatu nimfungulie, arudi kwenye suruali yake."

"Na mama?"

"Mama yako ameshaondoka salama. Hata mchana mmoja ungetosha." Mzee akanywa chai kidogo. "Lakini ahadi ni yake, si yangu. Wewe unamdhamini huyu hapa duniani kila mwaka, mara ngapi nimekuona kwenye basi na mfuko wako. Yeye naye kaamua kumdhamini mama yako huko aliko. Ulizaneni wenyewe."

Wakamwangalia Wek. Wek aliangalia majani. Kuku wawili walipita, wakarudi.

"Nitabaki," akasema.

Lamduan aliinama mara tatu kama inavyotakiwa, haraka haraka, akaondoka bila kuaga. Njiani alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu. Nyumba ilikuwa na watu watatu. Mmoja ameondoka Jumatatu. Huyu naye akiondoka, atabaki yeye na kuku, na kikapu cha wali cha watu watatu. Ahadi ni kitu kizuri, lakini kwa nini ilipwe na yeye?

Sasa hapa lazima niwaambie habari za Bi Bunpheng, jirani, rafiki wa marehemu tangu walipokuwa wasichana. Ndiye aliyeandikwa kwenye fomu kuwa shahidi wa ndoa, na huko Uhamiaji jina lake limekaa miaka yote bila kuitwa. Ni mwanamke wa dini hasa. Mbu akimtua, humpepea kwa upole ahamie kwa mwingine. Na tangu msiba uanze, Bi Bunpheng alikuwa ameishughulikia nyumba ya Lamduan kwa ucha Mungu wake wote. Kwanza, zamani jeneza likishatoka, ngazi ya nyumba ilikuwa inapinduliwa ili roho isirudi kuhangaika mlangoni. Siku hizi ngazi ni za saruji, hazipinduki. Bi Bunpheng akafikiri, akachukua bisibisi, akakigeuza kibao cha namba ya nyumba kikaangalia ukuta. "Thongbai alikuwa hajui kusoma, lakini namba anazijua," alisema. Pili, alimwambia Lamduan si vyema mwanamke kulaza kichwa karibu na mto wa mtu aliyevaa joho. Mto wa Wek ukatolewa, na nguo zake, na viatu vyake, vyote vikafungwa kwenye gunia la mpunga na kupelekwa ghalani.

Lamduan alipanga kuyarudisha yote asubuhi ya Alhamisi. Maafande walisema mchana, naye alikuwa sokoni kununua mkaa. Lakini afande hawahi ila siku usiyomtaka. Aliporudi, gari la Uhamiaji lilikuwa limeegeshwa chini ya mnazi, na Kapteni Wirot, mtu mrefu mwenye kitambi cha heshima, alikuwa amesimama ugani na msaidizi wake, binti mmoja mwenye kamera shingoni na ubao wa kuandikia mkononi. Mbele yao, kwenye kigoda, alikaa Bi Bunpheng amevaa nyeupe tupu.

"Bibi," Kapteni alikuwa akisema, "huyu mgeni anayeishi hapa unamfahamu?"

"Namfahamu sana. Mtu safi."

"Ni mume wa Mama Lamduan?"

Bi Bunpheng akajishika kifua. "Loo! Afande, usiseme hivyo, utapata dhambi asubuhi hii. Yule hana mke."

Kalamu ya binti ikasimama, halafu ikakimbia.

"Hana mke?"

"Hana kabisa! Mtu kama yule atakuwaje na mke?"

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu Jumatatu."

Lamduan aliuacha mkaa ukaanguka. "Shangazi!" akaita kutoka barabarani. "Shangazi, waeleze vizuri!"

"Si ninawaeleza, mwanangu? Nimeapa nisiseme uongo, na msiba haujapoa." Akamgeukia Kapteni. "Uliza tu baba, uliza."

"Wanalala chumba kimoja?"

"Nani? Thubutu! Humwoni anakanyaga hata kizingiti. Nguo zake zote tumezitoa, mimi mwenyewe nimefunga gunia."

Kapteni Wirot alimtazama Lamduan. Hakuwa na uso mbaya, lakini ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kuonyeshwa ndoa nyingi za kukodi. "Mama, tuonyeshe chumba."

Chumbani kulikuwa na kitanda kipana na mto mmoja katikati. Kabati lilikuwa na nguo za kike upande mmoja, na upande wa pili vining'inizio vitupu. Binti akapiga picha. Walitoka nje kutafuta namba ya nyumba, wakakuta kibao kimewapa mgongo.

"Hata nyumba yenyewe imekataa kujitaja," Kapteni akasema.

Lamduan akaeleza. Aliyaeleza yote kwa pupa, jeneza, ngazi, mto, gunia, Jumapili, na kadiri alivyoeleza ndivyo yalivyozidi kufanana na uongo uliotungwa na mtu hodari. Kila mara aliposema "mume wangu", Bi Bunpheng alifumba macho na kutikisa kichwa kwa masikitiko.

"Basi twende tukamwone," Kapteni akasema.

Hekaluni Wek alikuwa amekaa kwenye jukwaa la mbao, anashona kiti cha miwaa kilichokatika. Kapteni Wirot alipofika akasita. Alikuja na bastola kiunoni na faili kwapani kumhoji mgeni, na sasa mgeni alikuwa amevaa joho, na mtu wa joho hahojiwi kwa kusimama. Akavua viatu. Akavua kofia. Akapiga magoti sakafuni, kitambi kikamsumbua, akainama mara tatu, faili likiwa pembeni. Lamduan na yule binti wakapiga magoti nyuma yake.

"Mtawa, samahani, kazi ni kazi," Kapteni akasema. "Wewe ndiye Veikko?"

Wek aliwaza kidogo kana kwamba jina hilo analikumbuka kwa mbali. "Ndimi."

"Mama huyu ni mke wako?"

Lamduan alimkodolea macho. Sema ndiyo, akamwomba kimoyomoyo. Neno moja tu, mzee wangu, utatubu baadaye. Lakini Wek alikuwa ameahidi kutosema uongo, na Mfini hana njia za panya.

"Leo sina mke," akasema. "Jumapili ninaye."

Binti mwenye kamera alicheka, akajifanya anakohoa. Kapteni hakucheka.

"Mtawa, nitasema ukweli. Mtu anayehofia ruhusa yake, akisikia tunakuja, angevua hili joho jana akakaa sebuleni anatungoja. Mimi ningefanya hivyo. Wewe jana uliambiwa, na umebaki. Nifikirie nini? Kwamba hujali kukaa?"

Wek akaweka kiti chini. Safari hii alikawia hata Lamduan akadhani hatajibu. Kiswahili chake—nasema Kiswahili kwa sababu ninyi ndio mnaonisikiliza. Alisema lugha ya huku, tena ile ya jikoni aliyofundishwa na mkwewe—kilitoka polepole, neno baada ya neno.

"Nimeishi nyumbani kwa mama miaka kumi na tisa. Nyinyi kila mwaka mmeniuliza karatasi, na ni sawa, nchi ni yenu. Mama hakuniuliza karatasi hata siku moja. Alinipa pampu, akanipa wali. Aliniomba kitu kimoja tu. Sasa nimfanyie nusu?"

Hasira yote ya Lamduan iliisha pale pale sakafuni, na ilimuudhi kidogo kuona inaisha kirahisi hivyo. Alitamani amguse mkono. Mwanamke hamgusi mtu wa joho, basi akashika ukingo wa mkeka.

Kapteni Wirot akafungua faili, akalifunga. "Nimekusikia, Mtawa. Lakini faili halisikii. Linataka picha ya mume na mke pamoja nyumbani kwao, namba ionekane. Shahidi wangu anasema huna mke, kitanda kina mto mmoja, na wewe mwenyewe unasema leo huna mke. Nikipeleka hivi, mkubwa wangu atanicheka kabla hajakataa."

Mtu wa joho hakai na mke wake ugani kupigwa picha. Hilo hata mtoto anajua, na Kapteni alilijua kuliko wote. Lamduan alifikiri upesi kuliko alivyowahi kufikiri maishani mwake.

"Afande," akasema, "kila asubuhi anapita nyumbani na bakuli la sadaka, yeye na wenzake. Saa kumi na mbili. Namtilia wali mlangoni."

Kapteni alivaa kofia. Akafunga kamba za viatu, polepole, moja, halafu nyingine. "Ofisi yetu inafunguliwa saa mbili na nusu, Mama," akasema, na akaenda zake.

Jioni ile Lamduan alichukua bisibisi akakigeuza kibao. Bi Bunpheng aliyaona yote kutoka kwake, akaja akiwa amenuna.

"Thongbai akirudi usiku huu usinililie."

"Akirudi nitampa chakula. Shangazi, leo umenimaliza."

"Mimi? Nimesema nini kisicho kweli?"

"Hakuna. Ndiyo maana umenimaliza."

Bikizee alikaa kwenye ngazi, akafikiri, na midomo ikaanza kumtetemeka. "Kwa hiyo watamfukuza Wek kwa sababu yangu?" Lamduan alitaka kumjibu vikali. Badala yake akamwambia hapana, ale, wali upo mwingi. Wakala pamoja.

Asubuhi Lamduan aliamka kukiwa bado na ukungu juu ya mashamba. Akapika wali wa kunata mpya, akaoga, akatandaza mkeka mbele ya mlango chini ya ile namba, akapiga magoti na kikapu chake. Barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na gari chini ya mnazi. Akajiambia hakutegemea lolote, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutegemea sana. Bi Bunpheng akaja akapiga magoti kando yake na kikapu chake, amevaa nyeupe.

Watawa wakatokea kwenye kona, watatu wa zamani mbele na Wek nyuma, mrefu kuliko wote, peku, anakanyaga kokoto kwa uangalifu wa mtu aliyevaa viatu miaka sitini na sita. Na nyuma yao, kwa mbali, taratibu ili isiwapite, ikaja pikipiki. Kapteni Wirot hakuwa na sare. Alivaa fulana ya timu ya mpira, na ile kamera ilikuwa shingoni mwake. Akaizima pikipiki, akaja hadi upande wa pili wa barabara, akachutama.

Lamduan alimtilia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu bakuli la Wek likasimama mbele yake. Hakuinua macho, na yeye Wek hakushusha yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Aliona tu miguu yake mirefu myeupe, kidole gumba kimejaa tope, na lile kovu alilolipata kwenye pampu ya mwenyekiti wa kijiji. Akachota wali kwa mkono, donge kubwa, kubwa kuliko la wenzake, akalitia ndani. Kamera ikalia. Akachota tena. Kamera ikalia tena.

Watawa waliimba baraka. Wek hakuzijua vizuri, alifuata kwa nyuma kama mtu anayekimbilia basi, na mwishoni sauti yake ilibaki peke yake kwa nusu ya neno. Halafu wakaendelea na njia yao. Hakugeuka.

Kapteni akavuka barabara akiikokota pikipiki yake. Akaweka faili juu ya kiti cha pikipiki, akatoa kalamu. "Kila picha lazima iandikwe chini yake inaonyesha nini," akasema, kwa sauti ya kikazi kabisa. Akaandika huku anasoma. "Mke akimpa mume chakula. Nyumbani kwao."

Bi Bunpheng akafungua mdomo.

"Bibi," Kapteni akasema, "nakuomba."

Bi Bunpheng aliutazama mkeka, akalitazama lile faili, akameza mate. Ilikuwa dhahiri kwamba ndani yake vita vilikuwa vikali. "Mimi," akasema mwishowe, "miwani yangu nimeiacha nyumbani. Sikuona aliyepita ni nani."

"Asante, Bibi. Mama, weka sahihi hapa. Linapanda saa sita. Mimi nimeandika ndoa ni ya kweli, na nikiandika mimi huwa hawarudishi."

Lamduan aliweka sahihi. Aliona maneno yale chini ya mahali pa picha, mke akimpa mume chakula, nyumbani kwao, mwandiko mbaya wa polisi, na akarudisha kalamu kwa mikono miwili, na akashukuru kama inavyopasa. Pikipiki ikaondoka. Ndipo akakaa chini pale barabarani, kikapu kitupu mapajani, akamlilia mama yake. Siku ya moto hakulia, watu walikuwa wengi na wali ulikuwa haujaiva. Alilia kwa sauti, kila nyumba ikasikia, na mbele huko barabarani mtawa wa mwisho kwenye mstari alipunguza mwendo, akapunguza tena, halafu akawafuata wenzake na wali wa mkewe ukiwa bado wa moto mikononi mwake.